Gitaa la Mwana na Usingizi wa Baba

Ndugu msomaji, nilikusudia Jumapili hii tuendelee na mazungumzo yetu juu ya sare na madaftari ya shule. Lakini imenifikia barua ya mama mmoja wa Morogoro, nami nimeona si haki kuiweka kando hata kwa juma moja, maana jambo lenyewe limewekewa siku ya mwisho.

Mama huyo aeleza kwamba mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na ambaye sasa anajifunza kazi katika gereji ya mjomba wake, ameshikwa na mapenzi ya gitaa. Ni yeye mama aliyemnunulia gitaa hilo kavu, kwa fedha zake za upatu. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Kijana arudipo saa tisa alasiri huketi ukingoni mwa kitanda akapiga sauti zile zile nane, toka chini hadi juu, toka juu hadi chini, mpaka jua linapozama. Baba mtu hufanya kazi ya zamu ya usiku kiwandani, na saa hizo ndizo anazolala. Wapangaji wenzao wamekwisha kumpa kijana jina la utani. Naye baba ametamka kuwa mwezi huu ukiisha gitaa litauzwa. Mama auliza swali moja tu: je, mwanangu anajifunza kitu, au anapanda na kushuka ngazi isiyofika mahali?

Naungama mbele yako, msomaji, kwamba swali hilo limenichoma, kwa kuwa kijana huyo nilipata kuwa mimi. Basi niruhusu nilijibu kwa kirefu, na kijana naye asome.

Kwanza tuelewane juu ya kile anachokipiga. Kila aliyewahi kuimba katika kwaya ya shule au ya kanisa azijua sauti hizi: do, re, mi, fa, so, la, ti, na do ya juu. Mpango huo ndio uitwao ngazi ya sauti, na vidato vyake havilingani. Toka do hadi re ni hatua nzima, na re hadi mi vivyo hivyo. Lakini mi hadi fa ni nusu hatua. Kisha fa hadi so, so hadi la, na la hadi ti ni hatua nzima, na ti hadi do ya juu ni nusu hatua tena. Katika gitaa, nusu hatua ni kusogeza kidole nafasi moja kati ya vile vyuma vinavyokatiza shingo yake. Hatua nzima ni nafasi mbili. Atakaye kuthibitisha na aushike uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko nyuzi zote. Ikiwa do yetu ni ile sauti iitwayo C, uzi huo ukipigwa wazi hutoa mi. Nafasi ya 1 ataikuta fa, ya 3 so, ya 5 la, ya 7 ti, ya 8 do, ya 10 re, na ya 12 ataikuta mi nyingine, mi ya juu.

Jambo la pili ni sauti zinazopigwa kwa pamoja. Mpiga gitaa la ridhimu hukusanya sauti tatu au zaidi akazikung'uta kwa mkupuo mmoja. Wapigaji wetu huuita mkusanyo huo kodi, nami namwomba msomaji aliye mpangaji asishtuke, kwani hii haidaiwi mwisho wa mwezi. Kodi ya do ina do, mi na so. Kodi ya fa ina fa, la na do. Kodi ya so ina so, ti na re. Kwa kodi hizo tatu zimejengwa nyimbo nyingi mno, za dansi, za kwaya na za arusini. Hufuatana kwa zamu, zikarudi zilikoanzia, zikazunguka tena.

Sasa tuzitazame nyimbo za dansi za kwetu. Aghalabu wimbo huwa na sehemu mbili. Katika ya kwanza waimbaji hutoa kisa chao taratibu. Katika ya pili, iitwayo chemko, mwendo huongezeka, kodi chache huzunguka bila kukoma, na magitaa hushika hatamu. Hapo mpiga solo hutakiwa aseme jambo lake, na mara nyingi hulitunga papo hapo, mbele ya watu wanaocheza. Hilo ndilo kijana wetu analolitamani anapopanda na kushuka ngazi yake.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka 20 nilipodhani nimefika. Kwa miezi sita nilikuwa nimeipiga ngazi ya do kwa kasi ambayo ilinistaajabisha mwenyewe. Ikatokea arusi mtaani petu. Bendi ndogo ilialikwa, mpiga solo wake akachelewa njiani, na vijana wenzangu wakanisukuma mbele. Kwenye gitaa la ridhimu alikuwako mzee mmoja, jirani yetu, mstaafu wa kiwandani ambaye ujanani alipiga katika bendi ya wafanyakazi wenzake. Sehemu ya kuimba ilipita salama, maana sikuwa na la kufanya. Chemko lilipoanza, nikaparamia ngazi yangu. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena kwa haraka zaidi. Nilipochoka nilisimama popote kidole kilipokuwa, na mara nyingi kilikuwa juu ya fa, ilhali mzee anakung'uta kodi ya do. Nikaishikilia fa ile kwa fahari, nikiwa nimefumba macho.

Nilipoyafumbua, akina mama wawili walikuwa wamekwisha kukaa. Kisha wakakaa wengine. Bibi arusi alikuwa akinitazama kwa huruma, na huruma ya bibi arusi siku ya arusi yake ni kitu kizito kukipokea. Yule mzee akanisogelea, akazidisha nguvu ya mkono wake, akanifunika kwa ridhimu mpaka wimbo ukaisha. Sauti zote nilizopiga zilikuwa za ngazi ile ile ya wimbo ule ule. Hapakuwa na hata moja iliyotoka nje. Nilirudi nyumbani nisijue kosa langu, na gitaa nikalitia uvunguni.

Siku ya tatu nilikutana na mzee huyo njiani. Nikamwamkia shikamoo, nikataka kupita. Akaniitikia, kisha akasema, "Mwanangu, maneno unayo. Ila mimi nilikuwa nikizungumza nawe, na wewe hukunisikia." Akaniambia niende barazani kwake Jumapili, saa kumi.

Niliyojifunza pale barazani ndiyo ninayompelekea kijana wa Morogoro.

Somo la kwanza lilinitia aibu kwa urahisi wake. Mzee alizizungusha kodi tatu polepole, ya do, ya fa, ya so, kisha ya do tena, kila moja akiihesabia nne. Akanikataza kupiga zaidi ya sauti moja kwa kila kodi. Sauti hiyo sharti iwe miongoni mwa zile zilizomo ndani ya kodi yenyewe. Nikashika uzi wa kwanza: juu ya kodi ya do nikapiga so, nafasi ya 3, kodi ilipogeuka kuwa ya fa nikapiga la, nafasi ya 5, ilipokuja ya so nikapiga ti, nafasi ya 7, na iliporudi ya do nikatua juu ya do, nafasi ya 8. Sauti nne tu. Lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia gitaa langu likikubaliana na la mtu mwingine. Ndipo nikafahamu yaliyonipata arusini. Fa si adui wa kodi ya do. Mtu aweza kuipitia akielekea mi au so, na sikio likafurahi. Lakini fa imesimama nusu hatua tu juu ya mi, ambayo ni sauti ya nyumbani katika kodi hiyo, na ukiing'ang'ania zinasongana. Nilikuwa kama mgeni aliyejilaza kizingitini, anayeingia hapiti na anayetoka hapiti.

Kwa hiyo, kijana, jifunze kwanza kutua. Zijue sauti tatu za kila kodi kama uyajuavyo majina ya ndugu zako. Utagundua kuwa do imo katika kodi ya do na katika ya fa, na so imo katika kodi ya do na katika ya so. Hizo waweza kuzishikilia wakati kodi zinageuka, zisikutupe. Ukishaweza kutua, ndipo sauti nyingine za ngazi zipate kazi yake, nayo ni kukupeleka toka kituo hadi kituo.

Somo la pili lilikuwa kuweka gitaa chini. Mzee alizungusha kodi akanitaka niimbe lolote linijialo, kwa la-la-la. Nilichokiimba kilikuwa kifupi, nacho kilikuwa na pumzi ndani yake, kwa sababu kifua hakiwezi kuimba bila kupumua. Vidole havipumui, vyaweza kukimbia usiku kucha. Akaniambia nikitafute juu ya nyuzi kile nilichokiimba, wala nisiongeze. Tangu hapo nilipiga kauli, nikanyamaza kidogo, nikapiga nyingine. Ukimya ule ndio unaompa mchezaji nafasi ya kuuzungusha mwili, na mpiga ridhimu nafasi ya kukujibu.

Somo la tatu lilikuwa kurudia. Mimi niliona kurudia ni umaskini wa mawazo. Mzee akaniuliza kama mama yangu alipata kuniambia jambo mara moja tu nikatii. Katika chemko, kauli njema hurudiwa mara mbili tatu ili wachezaji waizoee, ndipo mwisho wake ubadilishwe kidogo: pale ulipotua juu ya so, sasa utue juu ya do. Mabadiliko hayo madogo hayana nguvu yoyote ikiwa msikilizaji hakuwa amezoea kitu.

Somo la nne ni la utamu, nami nalitoa kwa kila mwenye gitaa. Piga nyuzi mbili za mwanzo kwa pamoja. Uzi wa pili ukipigwa wazi hutoa ti, na nafasi yake ya 1 ni do. Basi shika uzi wa pili nafasi ya 1, huku wa kwanza ukiwa wazi: umepata do na mi. Kisha wa pili nafasi ya 3 na wa kwanza ya 1: re na fa. Kisha 5 na 3: mi na so. Kisha 6 na 5: fa na la. Kisha 8 na 7: so na ti. Kisha 10 na 8: la na do. Ni ngazi ile ile inayoudhi watu nyumbani, lakini sasa yatembea wawili wawili, kama sauti ya kwanza na ya pili katika kwaya. Aliyezoea magitaa ya Kongo na ya kwetu ataitambua ladha hiyo mara moja.

Nikitaja Kongo, simwambii kijana haya ili ayameze kwa maneno yangu. Na ayasikilize. Na amsikilize Nicolas Kasanda, aliyejulikana kama Docteur Nico, aliyepiga katika African Jazz ya Joseph Kabasele na baadaye African Fiesta, na ambaye alifariki mwaka 1985. Na amsikilize zaidi mtu wa mji wake mwenyewe, Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo, mtunzi na mwimbaji wa Morogoro Jazz, aliyeanzisha Super Volcano mwaka 1973 na kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Asijaribu kuiga wimbo mzima. Achukue kauli moja fupi ya gitaa, aiimbe mpaka imkae kooni, aitafute juu ya nyuzi, kisha ajiulize: hapa alipotua, ridhimu ilikuwa kwenye kodi gani? Swali hilo moja, likiulizwa kila siku, hufundisha kuliko kuipanda ngazi mara elfu.

Huenda kijana akalalamika kuwa hana mzee wa kumpigia ridhimu. Malalamiko hayo yana majibu mawili. Jibu la kwanza ni la zamani. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa na gitaa moja kavu tu, na bado gumba lake lilishika sauti nzito za kodi huku kidole kingine kikisema juu yake. Jibu la pili ni la leo. Simu ya mkononi yaweza kurekodi kodi tatu zikizunguka kwa dakika 5. Kijana na azirekodi yeye mwenyewe, kwa mwendo wa polepole, kisha apige juu yake.

Sasa nirudi kwako, mama.

Mwanao anajifunza kitu, lakini amekomea kwenye alfabeti. Hakuna anayemcheka mtoto wa darasa la kwanza kwa kusoma a, e, i, o, u; ila akiendelea nazo hadi darasa la saba, mzazi ana haki ya kuuliza. Naye hataka ubishi, kwani sidhani kuna aliyemwonyesha hatua inayofuata. Nakupa kipimo cha kumpima mwenyewe, ijapokuwa hujui gitaa. Mwite jikoni, uimbe wimbo unaoujua, wa kanisani au wa arusini. Mwambie akusindikize kwa kodi tatu. Kisha unyamaze, naye ajibu kwa gitaa kauli uliyoimaliza. Kama jibu lake litakufanya utamani kuendelea kuimba, anajifunza. Kama utahisi amekukata kauli, mrudishe kwenye sauti moja kwa kila kodi, na umjaribu tena baada ya majuma mawili. Sikio lako latosha. Ni sikio kama hilo lililowafanya wale akina mama wakae arusini, na hawakukosea.

Kwa upande wa baba, nasema kwa heshima kuwa ana haki. Mtu aliyesimama mbele ya mashine usiku kucha hana deni la kusikiliza ngazi za mtu mchana. Kijana atie kitambaa chini ya nyuzi, karibu na zinapofungwa. Gitaa litatoa sauti ndogo ya kumtosha yeye peke yake. Apige kwa saa moja tu, baba akiwa amekwisha kuamka au amekwisha kwenda kazini. Saa moja ya kutafuta mahali pa kutua itamfikisha mbali kuliko saa tatu za kukimbia. Na aache kazi ya gereji? La hasha! Nuta Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Gitaa na kazi vilipata kuishi nyumba moja katika nchi hii. Simwahidi mwanao kwamba gitaa litamlisha. Yule mzee wa barazani alilishwa na kiwanda; gitaa lilimpa Jumapili zake.

Ninalomwomba baba ni kuisogeza mbele ile siku ya kuuza, kwa miezi mitatu, kwa masharti hayo. Kama kijana atashindwa kuyatimiza, gitaa liuzwe, na fedha zirudi kwenye upatu wa mama zilikotoka.

Msomaji huenda akataka kujua mwisho wa habari yangu. Mwaka mmoja na miezi baada ya aibu ile, mtaani petu palifanyika arusi nyingine, na mzee akanichukua nikapige solo. Chemko lilipoanza, niliimba kwanza kimoyomoyo. Kisha nikapiga so, la, ti, na do, kila moja kwenye kodi yake, nikanyamaza. Nikazirudia. Mara ya tatu nikabadilisha kituo cha mwisho. Hakuna aliyeshangilia, wala sikuwa nimefanya la ajabu. Lakini watu hawakukaa. Mzee hakuniambia neno, ila nilimsikia akiupunguza mkono wake wa ridhimu, kidogo kidogo, hata gitaa langu likabaki juu. Usiku ule hakuwa na haja ya kunifunika.

Mwenda pole hajikwai. Mama yangu wa Morogoro, nitasubiri barua yako ya pili baada ya miezi mitatu, na nitafurahi zaidi ikiwa itaandikwa na baba.

Tuonane Jumapili ijayo.